Kurudia KCSE: kabla hujalipa sentaa ya mtihani, kaa chini na slipu yako

Mpwa wangu alikuja kwangu Umoja, Nairobi, Jumapili moja jioni, slipu ya KCSE, ile karatasi ya matokeo ya mtihani wa kumaliza sekondari, imekunjwa mara nne ndani ya kava ya simu. Akaiweka mezani bila kuifungua akasema, "Anko nimefeli, mum anasema nirudie." Hiyo ya kurudia sikuijibu kwanza. Nilitafuta biro nikamwambia aniandikie kila somo na pointi zake kando, si herufi, pointi, A ikiwa 12 na E ikiwa 1. Orodha ikatoka hivi: Kiswahili B- ambayo ni 8, Kiingereza C ni 6, Hesabu D ni 3, Bayolojia C ni 6, Kemia D+ ni 4, CRE (dini ya Kikristo) B ni 9, Historia C+ ni 7, Biashara C ni 6. Masomo manane. Yeye tangu rizalti zitoke alikuwa ameangalia herufi moja tu, ile C ya wastani, C tupu isiyo na plas wala mainas, na kwa sababu kila mtu anajua digrii inaanzia C+ akaona basi yameisha.

Nimefundisha tyusheni Eastlands miaka kadhaa sasa na mimi mwenyewe niliwahi kurudia, kwa hivyo kila Januari napigiwa simu za aina hii, za wazazi zaidi. Swali huwa ni "arudie wapi?" na karibu hakuna anayeniuliza arudie nini. Hapo ndio watu hupoteza mwaka mzima na pesa za mtu aliyeamka saa kumi kwenda soko la Gikomba, na ndio maana naandika haya yote.

Tuanze na gredi ya wastani inavyotengenezwa, juu wengi wanadhani masomo yote yanajumlishwa na kugawanywa. Hapana. Wanachukua masomo 7, kwa hivyo pointi za juu kabisa ni 84. Ukipata kati ya 46 na 52 hiyo ni C+, kati ya 39 na 45 ni C tupu, kati ya 32 na 38 ni C-. Sasa ni masomo gani hayo saba? Zamani yalikuwa Hesabu, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, halafu mengine mawili uliyofanya vizuri zaidi. Kuanzia KCSE ya 2023 wakabadilisha, siku hizi ya lazima ni Hesabu na lugha moja, halafu wanachukua mengine matano uliyopata vizuri, yawe yoyote. Kwa mtu mwenye slipu kama ya mpwa wangu hii si habari ndogo hata kidogo.

Tukapiga hesabu pale mezani. Hesabu 3, Kiswahili 8, hapo ni 11. Matano bora katika yaliyobaki ni CRE 9, Historia 7, Kiingereza 6, Bayolojia 6, Biashara 6, jumla 34. 34 na 11 ni 45. Arobaini na tano! C+ inaanza 46. Msichana alikuwa amelia wiki nzima kwa sababu ya pointi moja, na Kemia iliyomnyima usingizi fomu foo yote haikuhesabiwa hata kidogo, ile D+ imekaa nje ya yale saba. Kama Hesabu ingetoka D ikawa D+ angekuwa na C+ saa hii. Alinyamaza kidogo halafu akaniuliza mbona hakuna mtu shuleni aliyewahi kuwafanyia hesabu hii, na sikuwa na jibu zuri.

Lakini hiyo ni kufuli moja tu, na C+ ya wastani peke yake inakufikisha getini. Ya pili inaitwa klasta na hii ndio inachanganya watu hata walimu. KUCCPS, lile shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, lilichukua kazi hiyo kutoka kwa bodi ya zamani iliyoitwa JAB baada ya sheria ya vyuo vikuu ya 2012, na halikupangi kwa gredi ya wastani peke yake. Kila kozi ina kundi la masomo manne, na wanachukua pointi zako za hayo manne, ambazo zikiwa kamili ni 48, wanazilinganisha na pointi zako za jumla juu ya 84. Fomula iliyozoeleka ni kwamba unagawanya yale manne kwa 48, unagawanya jumla yako kwa 84, unazidisha hizo mbili, unatafuta kipeuo cha pili, halafu unazidisha na 48. Mfano mtu mwenye jumla ya 46 na masomo manne ya kozi yake yana 30, anatoka na kama 28 hivi. Mwenzake mwenye hiyo hiyo 46 lakini manne yake yana 34 anakaribia 30. Wote wana C+, wote wametuma maombi ya kozi moja, na mmoja anaweza kuchukuliwa mwingine akaachwa.

Na pointi ya mwisho ya kuingia kozi fulani haipangwi na mtu mapema, inategemea nani ameomba mwaka huo. Ndio maana idadi ya waliofaulu inakuhusu hata kama hukuwa katika hiyo idadi. Mwaka 2016, mwaka ule mtihani ulipokazwa na A za nchi nzima zikawa 141, waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929. Mwaka 2017 wakashuka hadi 70,073. Sasa linganisha na 2023, walikuwa 201,133, na 2024 wakafika 246,391. Nafasi za digrii kwa jumla zipo, miaka ya karibuni shida haijakuwa viti. Ila kozi zinazokimbiliwa, uuguzi, famasia, sheria, uhandisi, foleni yake imekuwa ndefu mara kadhaa, kwa hivyo mtu anayerudia ili atoke C tupu aingie C+ kisha aombe uuguzi lazima ajue anaingia foleni ya namna gani.

Kufuli ya tatu ni masharti ya kozi yenyewe, na ya watu wa taaluma wanaosimamia hiyo kazi baadaye. Sheria wanataka C+ ya wastani na juu yake B tupu kwa Kiingereza ama Kiswahili. Mwalimu wa sekondari, TSC, ile tume ya walimu, inataka C+ ya wastani na C+ kwa yale masomo mawili utakayofundisha. Digrii ya uuguzi, C+ ya wastani, Bayolojia C+, Kemia C+, lugha, na Hesabu ama Fizikia nayo inaangaliwa. Nimeona kijana mwenye B- ya wastani, gredi ya kujivunia kabisa, anarudia mtihani mzima kwa sababu ya Kiingereza C+ na ndoto ya kuwa wakili, wakati Kiswahili chake kilikuwa B-, hatua moja tu kutoka B. Miezi minne alisoma Kiingereza usiku na mchana. Hakuna aliyemwambia ni kimojawapo, na Kiswahili kilikuwa karibu zaidi.

Sasa rudi kwa slipu ya mpwa wangu uone vile karatasi moja inatoa majibu mawili tofauti kabisa. Akitaka kuwa mwalimu wa Kiswahili na CRE, tayari ana B- na B, kitu kimoja tu kinamzuia nacho ni pointi moja ya jumla. Akitaka digrii ya uuguzi anahitaji hiyo pointi ya jumla, Bayolojia ipande hatua moja, Kemia ipande hatua tatu kutoka D+ hadi C+, na Hesabu ipande sana kwa sababu hakuchukua Fizikia. Mtihani ni ule ule, mwaka ni ule ule, ila hizi ni kazi mbili tofauti, na ukiambiwa tu "rudia" bila kuonyeshwa hiyo tofauti umeachwa gizani.

Hapa kuna jambo ambalo napigiwa simu nyingi juu yake. Watu wanauliza, si nirudie tu Hesabu na Kemia halafu nibandike kwa cheti cha zamani? Haiendi hivyo. Unaweza kujisajili kwa masomo machache, KNEC, lile baraza la mitihani, inaruhusu, lakini ukifanya chini ya saba hupewi gredi ya wastani, unapata tu gredi za hayo masomo. Na wanaokupanga chuo wanachukua matokeo ya mkao mmoja, huwezi kutoa Hesabu ya 2024 ukaipandikiza juu ya Kiswahili cha 2022. Kwa hivyo anayetafuta digrii kwa njia ya KUCCPS anarudia yote saba, pamoja na yale aliyofaulu. Hii inauma kwa sababu ile B ya CRE unairudisha mezani tena na inaweza kushuka. Cheti cha kwanza hakifutwi, hilo likutulize, kinabaki chako, lakini mpango wako wa mwaka lazima uwe na saa za kulinda yale mazuri na si kufukuza mabaya peke yake.

Pia usikimbilie kujisajili kabla hujaangalia kama gredi inayokushangaza inaweza kuombewa kukaguliwa upya. Ombi hilo linapitia shule yako, linalipiwa, na dirisha ni fupi baada ya matokeo kutangazwa. Hii ni kwa yule aliyekuwa anapata B mwaka mzima ghafla akaona D. Kwa wengi wetu gredi iliyotoka ndio hiyo.

Haya, kusoma wapi. Nairobi kuna njia tatu hivi. Kuna kurudi shule ukavaa sare tena, kuna vyuo vya tyusheni pale katikati ya mji, ghorofa ya tatu ya nne juu ya maduka ya simu, na kuna kusoma nyumbani na maktaba, pale McMillan ama maktaba ya taifa, ukaenda tu kufanya mtihani kwa sentaa ya watahiniwa wa kibinafsi. Kwa mtu wa masomo ya sanaa mwenye nidhamu hiyo ya tatu inafanya kazi vizuri sana na ni nafuu. Kwa mtu wa sayansi nina wasiwasi mkubwa. Kemia ina karatasi tatu, ya kwanza 80, ya pili 80, ya tatu ambayo ni ya maabara 40. Arobaini kati ya 200 ziko mkononi mwako, kwa bureti na pipeti, ile mirija ya kioo ya kupimia vimiminika. Nimeketi na kijana aliyesoma mwaka mzima ghorofani mjini, anajua nadharia yote, anakuambia rangi ya waridi inatokea lini bila kufikiria, lakini siku nilipompa bureti ya kweli alifungua kizibo chote tone likawa mkondo, waridi ikapita ikawa nyekundu kali kabla hajasoma namba. Ilikuwa Septemba. Usilipe sentaa yoyote ya sayansi kabla hujapelekwa kwa mguu wako ukaona maabara, maji yanatoka bombani, na ukaambiwa ni siku gani za wiki mtaingia.

Angalia pia masomo yenye mradi, kama Kompyuta na Kilimo. Mradi unafanywa kabla ya wakati wa mtihani wenyewe na lazima sentaa iusimamie, kwa hivyo si kila mahali watakukubalia. Na vitabu vya fasihi hubadilishwa kila baada ya miaka michache, kama ulimaliza zamani usianze kusoma hadithi zile ulizozijua, uliza kwanza zipi zinatahiniwa mwaka wako.

Malipo. Serikali imekuwa ikilipia ada ya mtihani wanafunzi wanaofanya mara ya kwanza shuleni, anayerudia anajilipia mwenyewe, ada ya KNEC kando na pesa za sentaa kando. Uliza hizo mbili zitenganishwe kwenye risiti. Usajili hufanyika miezi ya kwanza ya mwaka, ukisubiri Mei umechelewa, na utahitaji slipu ama cheti cha kwanza, namba yako ya mtihani ya zamani na mwaka, na kitambulisho ama cheti cha kuzaliwa. Baraza lilitangaza pia mpango wa mtihani wa Julai kando na ule wa mwisho wa mwaka kwa ajili ya watu kama hawa, kwa hivyo soma tangazo la mwaka wako kabla hujapanga ratiba. Na anayekuuzia karatasi za mtihani kwa Telegram anachukua pesa za mzazi wako, na ukikutwa umeshiriki matokeo yanafutwa.

Nikueleze yangu, ndio maana niko mkali sana kwa usajili. Mwaka niliorudia nililipa sentaa moja mjini, masomo saba kamili, hakuna la ziada la kunisaidia likiharibika moja. Wakaleta orodha ya majina tusaini tukiwa tumepanga foleni kwa ngazi, mtu nyuma yangu anasukuma, nikaona jina langu nikasaini. Kwa usajili kila somo lina namba yake. Historia ni 311. Jiografia ni 312. Nilijua nimesajiliwa Jiografia mwezi wa Septemba nilipoona ratiba, somo ambalo niliacha kulisoma tangu fomu tuu, na nilipoenda kuuliza niliambiwa sahihi ni yangu. Nilisoma ramani na mawe wiki sita, nikapata D. Sikufikia nilichotaka mwaka huo. Tarakimu moja.

Kuna saa ambayo inagonga pia na wazazi wengi hawajaisikia. Mtaala wa 8-4-4, huu wenye KCSE, unaisha. Waliofanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho 2023 waliingia fomu wani 2024, hakuna waliofuata nyuma yao, na hao ndio watafanya KCSE mwaka 2027 kama darasa la mwisho la kawaida. Mwaka 2026 shuleni kuna fomu tatu na fomu nne tu za mtaala huu, na wale wa CBC, mtaala mpya, wameingia gredi ya 10. Ina maana walimu, vitabu, mitihani ya moko, kila kitu cha huu mtaala kinapungua kila mwaka. Yule wa kusema "nitapumzika miaka miwili mitatu nifanye vibarua halafu nirudie" namwambia bila kumzungusha, kama utarudia, rudia mapema.

Na kuna wale ambao kwa maoni yangu wasirudie kabisa. Mtu wa C- anayetaka kompyuta ama biashara, diploma inaanza C-, unasoma miaka miwili mitatu una ujuzi mkononi, ukipita vizuri unaingia digrii na wakati mwingine unasamehewa mwaka wa kwanza. Kwa huyo mwaka wa kurudia ni mwaka uliotupwa. Mtu wa ualimu wa sekondari ni tofauti, TSC itarudi kuangalia KCSE yako hata ukipanda ngazi ngapi, huyo kurudia kunaweza kuwa ndio njia fupi. Na aliye nyuma kwa pointi 15 ama 20 na anafikiria kozi moja tu maishani, huyo anahitaji mtu mzima wa kuketi naye kwa upole, kwa sababu gredi ya somo moja kupanda hatua mbili ndani ya miezi tisa ni kazi ya kweli na masomo sita kupanda hatua tatu kila moja sijawahi kuiona.

Mpwa wangu nilimwekea hayo yote mezani. Nilitamani achague ualimu, sitaficha, njia ilikuwa wazi na fupi. Akafikiria siku mbili akanipigia. "Anko, mimi nataka uuguzi. Nikikosa digrii nitaomba diploma KMTC, lakini wacha nijaribu." KMTC ndio chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Diploma ya uuguzi pale wanaanza C tupu, nayo ina masomo yake wanayoyakagua, kwa hivyo Kemia ikipanda hata nusu ya njia haitapotea bure. Nikasema sawa.

Tukaanza na Hesabu kwa sababu iko kwenye kila mlango, upende ualimu, upende uuguzi, ni ya lazima kwa yale saba. Karatasi ya kwanza ya Hesabu inatoka zaidi fomu wani na fomu tuu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya alama 50, yote ya lazima, na ya pili ina maswali 8 ya alama 10 kila moja unachagua 5. Alikuwa anaanza na zile ndefu kwa sababu zinaonekana zina alama nyingi. Tukageuza, kila asubuhi kabla ya chai maswali manne ya sehemu ya kwanza, sehemu, asilimia, riba, pembe, vitu vya utotoni alivyovikimbia. Mpaka wa gredi hutofautiana somo kwa somo na mwaka kwa mwaka, na kutoka D kwenda D+ huwa ni maswali machache tu ya aina hiyo. Kemia ana maabara Jumanne na Ijumaa kwa shule moja ya karibu iliyokubali, tulienda tukafungua bomba wenyewe.

Siku ya kusaini orodha ya usajili nilifunga kazi nikaenda naye. Foleni ilikuwa kwa ngazi vile vile. Nikamwambia asome kwa sauti, asione haya, watu wasubiri. Akasoma na kidole: "Mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja ishirini na moja, mia mbili thelathini na moja, mia mbili thelathini na tatu, mia tatu na kumi na moja..." Nikamwambia hiyo ya mwisho airudie. "Tatu, moja, moja," akasema, akaendelea na 313 na 565, ndio akasaini.